Picha kubwa imekufa? Rudi kwenye skechi ya ukubwa wa kiberiti

Siku moja nilibeba picha yangu mpaka Feri, Dar es Salaam, nikailinganishe na mahali nilipoichora. Kanvasi ya sentimita 60 kwa 80: mashua zimetia nanga, wavuvi wanashusha matenga ya samaki, nyuma yao maji ya lango la bandari, na ng'ambo Kigamboni. Kazi ya wiki tatu. Mama mmoja anayekaanga samaki pale aliinua uso kutoka kwenye karai, akaitazama picha, akatazama maji, akarudi kwenye picha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona mashua zako zote zimezama?"

Mashua zilikuwepo. Nilikuwa nimeweka kila kamba, kila ubao, hadi kutu kwenye nanga. Lakini aliyesema kweli ni yeye. Buluu ya ubavu wa mashua na kijani ya maji zilikuwa na uzito mmoja wa giza. Ukirudi nyuma hatua tano tu, moja inaimeza nyingine. Nilifinya macho, nikabaki naona shuka la kijivu lenye vidoa.

Tangu hapo nimeangalia picha nyingi za wenzangu, na za vijana wanaoniletea kazi wakisema "rangi zimenikataa", na karibu kila mara nakuta jambo lilelile. Rangi hazina kosa. Kosa liko kwenye mgao wa giza na mwanga, na liliingia kabla brashi haijalowa. Mahali rahisi pa kulikamata ni kwenye kiboksi cha ukubwa wa kiberiti, kwa weusi na weupe peke yake, ambapo kukosea kunakugharimu dakika tatu na kipande cha karatasi. Tyubu ya rangi nzuri tunajua bei yake.

Unachohitaji ni karatasi za kawaida za A4, rula, na maka peni nyeusi yenye ncha nene. Ya kijivu ukiipata, iweke kando kwa sasa. Penseli ni ya kuchorea mipaka ya boksi, basi. Kama maka peni haipo, brashi na wino mweusi vinatosha. Dalili zifuatazo nimeziandika kama watu wanavyozisema wenyewe. Nenda moja kwa moja kwenye yako.

"Nimechora skechi kumi, zote kijivu, hazisemi kitu"

Chanzo ni penseli. Penseli inakuruhusu kutoamua. Ukifika mahali ambapo hujui kama ni giza au mwanga, mkono unasugua kidogo, unaacha ukungu wa kijivu, unasonga mbele. Ukishafanya hivyo mara saba kwenye boksi moja, umeahirisha maamuzi saba, na yote yatakusubiri kwenye kanvasi.

Weka penseli chini. Chukua maka peni na ujibane kwa sharti moja: kila sehemu ya boksi ni nyeusi tii au ni karatasi tupu. Anga? Amua. Maji? Amua. Uso wa mtu? Amua. Mara ya kwanza inauma, maana dunia haina rangi mbili. Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Maelezo madogo yatapotea na vitu vitajigawa vyenyewe kambi mbili. Kile kinachozama gizani ukiwa umefinya macho, kipake weusi. Kinachobaki kinang'aa, kiache.

Ukizoea, ndipo ulete kijivu kimoja cha katikati. Si viwili, si vitatu. Na kijivu hicho kikipewa nafasi, kipewe umbo lenye mipaka, kisiwe kivumbi cha kupulizia huku na huku. Nimeona watu wanaruka hatua ya rangi mbili kwa sababu "ni ya watoto". Hao ndio wanaorudi wakilalamika kuhusu rangi.

"Skechi ni nzuri lakini inanichukua saa nzima"

Basi si skechi tena, ni picha ndogo. Angalia vitu viwili: ukubwa wa boksi na unene wa ncha. Ukichora kwenye nusu ya A4 kwa kalamu ya wino, huna budi kuweka macho, vifungo na nyuzi za wavu, kwa sababu nafasi ipo na ncha inaruhusu. Punguza boksi lifikie kiberiti, kama sentimita 3.5 kwa 5, halafu chora kwa ncha nene kiasi kwamba kichwa cha mtu ni nukta moja. Hapo mkono hauna la kufanya ila kupanga maumbo.

Dakika tatu kwa boksi, tano ukizidisha. Weka saa ya simu ikupigie kengele.

"Skechi ilinivutia, kwenye kanvasi imepotea"

Hii ndiyo inayoletwa zaidi, na ina vyanzo viwili ambavyo mara nyingi vinakuja pamoja.

Cha kwanza ni uwiano. Kijana mmoja alinionyesha skechi safi ya barabara inayopinda kuelekea msikitini. Aliichora kwenye boksi refu alilolipiga kwa mkono, karibu upana mara mbili ya urefu. Kanvasi yake ilikuwa 60 kwa 80, yaani tatu kwa nne. Ili kujaza pengo, aliongeza anga juu na vumbi chini. Barabara iliyokuwa inakwenda ikasimama. Hakuwa na habari kwamba amebadilisha picha. Alidhani "ameikuza" tu.

Pima kanvasi kwanza, ndipo uchore boksi. Ya 60 kwa 80 inataka boksi la 3 kwa 4, au 4.5 kwa 6. Ya 50 kwa 70 inakaribia sana umbo la A4, kwa hiyo karatasi yenyewe ukiikunja katikati mara kadhaa inakupa boksi lako. Ukitaka njia isiyohitaji hesabu, ilaze kanvasi juu ya meza, weka karatasi kwenye kona yake ya chini, nyosha uzi kutoka kona hiyo hadi kona ya juu ya upande wa pili. Uzi unapoikata karatasi, chagua nukta yoyote juu yake, shusha mstari chini, vuta mwingine pembeni. Boksi utakalopata lina uwiano wa kanvasi hiyohiyo, liwe kubwa au dogo.

Cha pili ni kusahau. Siku ya kwanza unachora ukiikumbuka skechi. Siku ya tatu umeshika brashi ndogo, uko ndani ya ndoo ya dagaa unahesabu vichwa, na skechi iko chini ya sahani ya chai. Ibandike kwa tepu juu ya stendi, usawa wa macho. Halafu kabla ya rangi yoyote, igawe skechi kwa msalaba, vyumba vinne, na kanvasi vilevile. Angalia kila umbo kubwa linakatiza msalaba wapi, uweke alama hapohapo. Maumbo makubwa yapakwe yote kwa rangi nyepesi iliyoyeyushwa, siku hiyohiyo, kwa brashi pana. Kama picha haisomeki wakati huo, wala macho na vifungo havitaiokoa.

"Hakuna kilichokosewa, ila inachosha"

Pima weusi wako. Nina hakika unakaribia nusu kwa nusu. Giza nusu, mwanga nusu, ni watu wawili wenye nguvu sawa wanavutana kamba: hakuna kinachotembea. Chagua nani atawale. Acha weusi uchukue robo tatu na mwanga uwe tukio, au mwanga uchukue robo tatu na weusi uwe tukio. Chora boksi lilelile kwa njia zote mbili, uziweke kando kwa kando. Mandhari ileile, watu walewale, na utaona ni picha mbili zisizojuana: ya kwanza ni alfajiri, ya pili ni jua la saa nne.

Wajapani wana neno moja kwa jambo hili lote, notan, yaani giza na mwanga vikichukuliwa kama kitu kimoja kinachopangwa. Mwalimu wa Kimarekani Arthur Wesley Dow (1857–1922), aliyevutwa na picha za Kijapani za kuchapwa kwa mbao, alilifanya kuwa nguzo ya mafunzo yake. Wanafunzi wake walipanga mistari kwanza, kisha giza na mwanga, na rangi ikafuata baadaye. Georgia O'Keeffe alikuwa mmoja wa waliosoma kwake, pale Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Lakini sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kujifunza kutawalisha rangi moja. Chukua kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Itundike kambani, rudi nyuma hatua kumi, finya macho. Kanga nzuri inabaki: pindo linashika pande zote nne kama ukuta, mji unapumua katikati, na jina unalitambua kama ukanda hata kabla hujalisoma. Kanga mbaya inageuka tambara la vidoa. Mchoraji wa kanga hana kivuli wala umbali wa kujificha nyuma yake. Ana mgao tu. Nimewahi kukaa asubuhi nzima nikinakili kanga kwa maka peni, boksi kwa boksi, na hakuna zoezi lililonifundisha haraka zaidi.

"Vidoa vidoa, kama ngozi ya chui"

Hapa umechora vitu, hujachora maumbo. Mashua ina kivuli chake, mtu ana kivuli chake, tenga lina kivuli chake, kila kimoja kisiwa. Hesabu vipande vyeusi kwenye boksi lako. Vikizidi saba, una ugonjwa huu.

Dawa ni kuunganisha. Kivuli cha mashua juu ya mchanga kinagusana na ubavu wake wa giza. Ubavu unagusana na miguu ya mvuvi aliyesimama mbele yake. Miguu inagusana na tenga. Vyote hivyo ni weusi mmoja. Usichore mstari wa kuvitenganisha. Najua akili inagoma, inasema mguu si mashua. Lakini jicho likiwa limefinywa halijui mguu wala mashua, linajua giza lilipoanzia na lilipoishia. Mpaka wa nje wa umbo hilo kubwa ndio utakaosema "mvuvi", kwa bega lake lililochomoza kwenye mwanga.

Caravaggio alifanya hivyo kwenye picha ya wito wa Mathayo, iliyokamilika mwaka 1600 na ambayo bado iko kwenye kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Nusu ya juu ni ukuta, karibu mtupu, wenye dirisha lisilotoa mwanga. Watu wote wamekaa nusu ya chini. Walioketi mezani wameshikamana kama bonge moja, kiti, miguu na mavazi vikiingiliana gizani, na mwale unaotoka kulia unaokota nyuso na mikono tu. Ifanyie skechi ya kiberiti kutoka kwenye picha yoyote utakayoipata kwenye simu. Utashangaa ni maumbo machache kiasi gani.

Na hapa kwetu: simama mbele ya duka la picha za Tingatinga, ng'ambo ya barabara. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki 1972, alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao. Mnyama wake ni umbo moja juu ya ardhi moja. Ndiyo maana chui wake, pamoja na madoa yake yote, unamwona kutoka ng'ambo. Madoa yako ndani ya umbo, hayajalivunja.

"Kanzu yangu haionekani imekaa kivulini" na "nyuso za watu wangu ni mashimo"

Naziweka pamoja kwa sababu ni ugonjwa mmoja: unapaka unachokijua, si unachokiona.

Mzee amekaa barazani, chini ya kuti la paa, amevaa kanzu nyeupe. Nje jua linawaka juu ya ukuta wa matope. Unajua kanzu ni nyeupe, kwa hiyo kwenye skechi unaiacha nyeupe. Ukuta unajua ni kahawia, kwa hiyo unaupaka weusi. Umegeuza mwanga wote juu chini. Finya macho uangalie tena: ukuta wa matope ulio juani unang'aa kuliko kanzu iliyo kivulini, tena kwa mbali. Kwenye skechi ya rangi mbili kanzu ile inaingia kambi ya weusi, pamoja na mzee, pamoja na baraza, na ukuta unabaki karatasi tupu. Inatisha kupaka kanzu weusi. Ipake. Ukifika kwenye rangi utaipa buluu na zambarau za kivuli na itabaki nyeupe kwa kila atakayeiona, ila safari hii itakuwa imekaa barazani kweli.

Sasa geuza. Mvuvi ametoka majini, amelowa, jua la saa tatu linampiga kando. Wachoraji wetu wengi, nami nilikuwa hivyo miaka mingi, tunamjaza weusi wote kwa sababu ngozi yake ni nyeusi. Matokeo ni shimo lenye umbo la mtu. Mwangalie. Paji la uso linarudisha anga kama kioo. Mfupa wa shavu, bega, mgongo wa mkono, vyote vinang'aa. Baadhi ya sehemu zinashinda mchanga mkavu. Kwenye skechi sehemu hizo ni karatasi tupu. Shingo chini ya kidevu, upande wa mbavu ulio nyuma ya mkono, hizo ni weusi. Ngozi nyeusi ina mwanga mkali na giza lenye kina, na ni kosa kubwa kuinyima cha kwanza. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeona picha za watu wetu, zilizochorwa na watu wetu, ambamo kila mtu ana meno na hana paji la uso.

"Nachora mchana na hakuna vivuli"

Vitabu vingi vya kuchora vimeandikwa na watu wa nchi ambako jua hulala chini karibu siku nzima na vivuli hurefuka. Dar iko nyuzi 6.8 hivi kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na kwenye wiki ya pili ya Oktoba jua hupita utosini kabisa. Hata Juni, linapokuwa mbali nasi kuliko wakati wote, adhuhuri huwa juu kama nyuzi 60, na mtu wa kimo cha kawaida ana kivuli cha mita moja tu. Ukitafuta vivuli virefu vya kuunganishia maumbo yako, hutavipata.

Suluhisho rahisi ni kuamka. Saa moja asubuhi, ukiwa Feri ukitazama Kigamboni, jua liko mbele yako. Maji yanakuwa bati linalomeremeta, na kila mashua, mlingoti na mtu ni weusi mtupu. Mwanga wenyewe umeshakuchorea skechi.

Ila mchana nao una mpangilio wake, na ningependa watu wauchore zaidi. Mwanga unapotoka juu, kila kitu kilicholala ni cheupe na kila kilichosimama ni cheusi. Paa la bati, mgongo wa ng'ombe, mabega, uso wa meza: karatasi tupu. Kuta, vifua, miguu ya meza: weusi. Chini ya mwembe kuna ziwa la giza, na watu wote wa kijiweni wako ndani yake. Tumia vivuli hivyo vya chini ya paa, miti na miavuli kama maumbo yako makubwa. Usijitungie kivuli kirefu cha uongo. Mtazamaji aliyekulia hapa atahisi kuna kitu hakikai sawa, hata asipojua ni nini.

"Jicho linakimbilia pembeni"

Jicho hukimbilia mahali ambapo weusi tii unagusana na weupe mtupu, kwa ukingo mkali. Tafuta ni wapi hilo linatokea kwenye boksi lako. Kama ni kwenye kona, ndiko watu watakakotoka. Ziba sehemu unayoishuku kwa kidole gumba. Kama picha inapumua, hapo pana kosa. Punguza mgongano wa kona, na ule mkali kuliko wote uupeleke kwa mtu au kitu ulichokuja kukichora.

Angalia pia miguso. Ncha ya mlingoti inayogusa ukingo wa juu bila kuupita, tezi (nyuma) ya mashua moja inayogusana na omo (mbele) ya nyingine kwa nukta moja: jicho linanasa hapo kama nguo kwenye msumari. Ama zipishanishe waziwazi, ama zitenganishe.

"Nilifuata picha ya simu, imeniharibia"

Kamera inapima mwanga kwa ajili ya sehemu fulani na kutelekeza nyingine. Ukipiga watu walio barazani na jua liko nje, ama nyuso zinakuwa lami, ama uwanja unaungua mweupe. Ukiifuata kwenye skechi, unarithi uamuzi wa mashine. Piga mbili: moja ukiwa umegusa kioo kwenye kivuli, nyingine ukiwa umegusa kwenye mwanga. Chora ukiwa na zote mbili, na skechi mbili tatu ulizochora palepale zikuongoze zinapopingana.

"Skechi sawa, kanvasi ya kijivu sawa, rangi ilipoingia tu ikafa"

Chukua mkrismasi uliochanua Desemba. Kwa macho ni moto juu ya kijani. Ipige kwa simu, iondoe rangi, na mara nyingi maua yanatoweka ndani ya majani, kwa sababu nyekundu iliyokolea na kijani kibichi zinaweza kuwa na giza sawasawa. Zinapiga kelele kwa rangi lakini zimelala kwa toni, yaani kwa uzito wa giza na mwanga. Kama skechi yako inasema maua ni mwanga na majani ni giza, huna budi kulishusha kijani mpaka liwe giza kweli, au kuupandisha mwekundu uelekee chungwa. Huwezi kuviacha vyote vilivyo na kutegemea tofauti ya rangi ikubebee mpangilio.

Tengeneza kipimo: ukanda wa karatasi nene wenye hatua tano, kutoka nyeusi hadi nyeupe, uliopakwa kwa rangi zako mwenyewe, na tundu katikati ya kila hatua. Rangi uliyochanganya itazame kupitia tundu, macho yamefinywa. Tundu likitoweka, hiyo ndiyo hatua yake. Anayetumia akriliki akumbuke kwamba ikikauka inaongezeka giza kidogo. Paka alama pembeni, isubiri ikauke, ndipo uamini. Na kila ukipumzika, ipige kanvasi picha ya simu isiyo na rangi, uiweke kando ya skechi. Kama hazifanani, usiendelee kupaka. Tafuta ni umbo gani limehama kambi.

"Zote nzuri, nashindwa kuchagua"

Zibandike ukutani, kalale. Asubuhi fungua mlango lakini usiingie. Ile unayoitambua ukiwa mlangoni ndiyo. Nyingine utazipenda tena ukizisogelea, lakini hakuna atakayeisogelea picha isiyomwita.

Ya Feri niliichora boksi kumi na nne. Niliyoichagua ni ya kumi na moja: maji yote ni karatasi tupu, mashua tatu na watu tisa ni umbo moja jeusi lililoanzia kushoto na kuishia kwenye mkono wa mtu mmoja anayerusha kamba, na mkono huo ndio peke yake uliokatiza mwanga. Kwenye ile kanvasi ya kwanza mtu huyo alikuwepo pia. Nilimchora vizuri zaidi, hadi kucha.